Maisha ya Isaac Newton, Mwenye Kanuni za Mwendo

Kijana wa skuli katika miji yetu hii hufika darasa ambalo hana budi kuhifadhi kanuni tatu za mwendo wa vitu. Huzihifadhi kama zilivyo, akazijibu katika mtihani, kisha akazisahau. Ni mara chache huambiwa aliyezitoa ni nani, alizitoa kwa njia gani, na alikuwa mtu wa itikadi gani. Kwa hivyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu, wakubwa kwa vijana, khabari za bwana huyo, Isaac Newton, Mwingereza aliyekufa karibu miaka mia tatu iliyopita. Hatumwelezi kwa kuwa ni Mzungu, wala hatutamtukuza kupita mpaka wake. Elimu haina kabila, na mtu aliyeitumia vizuri neema ya akili aliyopewa na Mola wake anastahili kusomwa, awe wa Basra au awe wa London.

Alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire, siku ya 25 Desemba 1642 kwa hisabu ya kalenda waliyokuwa wakiitumia Waingereza zama zile. Nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuirekibisha kalenda yao, na kwao siku ile ilikuwa ni 4 Januari 1643. Na kwa hisabu yetu ulikuwa ni mwaka 1052 wa Hijra. (Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako watu hapa wanaodhani kuwa kukhitalifiana katika tarehe ni maradhi ya Waislamu peke yao.) Alizaliwa yatima, kwani baba yake, mkulima asiyejua kuandika hata jina lake, alikufa miezi mitatu kabla. Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, hata waliokuwapo hawakutaraji kuwa ataiona siku ya pili.

Alipokuwa na miaka mitatu mama yake aliolewa na kasisi wa kijiji cha jirani. Kasisi yule alimtaka mama, hakumtaka mtoto, na mtoto akaachwa kwa nyanya yake. Mama akarudi baada ya miaka kama saba, mume wa pili alipokufa. Jeraha hili halikupona. Tunajua hivyo kwa kuwa mwaka 1662, alipokuwa mwanafunzi, Newton aliandika katika daftari lake orodha ya dhambi zake, na mojawapo ni kuwa aliwahi kumwogofya mama yake na babake wa kambo kuwa atawachoma moto wao na nyumba yao. Mwenye kulea yatima na aisome khabari hii mara mbili.

Alitiwa skuli katika mji wa Grantham, akapanga kwa muuza dawa mmoja. Hakuwa mwenye kucheza na wenzake. Alikuwa akichonga na kuunganisha: kinu kidogo cha upepo, saa ya maji, na saa za kivuli alizozichora juu ya kuta, hata majirani wakawa wanakuja kuangalia wakati kwake. Husimuliwa kuwa mwaka 1658 ilipiga dhoruba kubwa katika Uingereza, na yeye, kijana wa miaka 15, akatoka nje akawa anaruka, mara kwa kuufuata upepo na mara kwa kuupinga, akapima tafauti ya miruko ile ili ajue kani ya upepo ni kiasi gani. Watu walijifungia majumbani. Yeye alikuwa katika mtihani wake wa kwanza wa elimu ya kani.

Mama alimtoa skuli awe mchungaji na mkulima. Kazi ikamshinda vibaya. Kondoo waliingia mashamba ya watu naye ameketi chini ya ua anasoma. Mjomba wake na mwalimu wake wakamsihi mama amrudishe, na mwaka 1661 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo kiitwacho Trinity, yaani Chuo cha Utatu; na jina hili msomaji alikumbuke, tutalirudia. Mama hakuwa maskini, lakini hakutoa cha kutosha, na kijana akaingia katika daraja la wanafunzi wanaowatumikia wenzao matajiri kwa kuwaletea chakula na kuwafanyia kazi ndogo ndogo ili wapate karo.

Sasa yatupasa tueleze alikuta nini katika vitabu. Aristotle, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Aristu, alifundisha kuwa kila chenye kwenda kina chenye kukisukuma, na kikiondoka chenye kusukuma, mwendo hukoma. Kwa kutazama tu, maneno haya huonekana ni kweli: mkokoteni ukiachwa husimama. Akafundisha pia kuwa kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Karne baada ya karne watu waliyashika maneno haya kwa taklidi, na katika vyuo vya Ulaya mwenye kuyapinga alionekana kuwa hana adabu.

Si wote walionyamaza. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, alisema kuwa kitu kilichorushwa huwa kimetiwa mwelekeo ndani yake, na kwamba lau si kuzuiwa na hewa mwelekeo ule usingekwisha. Abu'l-Barakat wa Baghdad, katika karne ya 12, aliueleza mwongezeko wa kasi ya kitu kinachoanguka kwa njia isiyokuwa ya Aristu. Hatusemi kuwa Newton alivisoma vitabu vyao. Hilo halikuthibiti, na kudai lisilothibiti ni udhaifu. Tunasema tu kuwa mlango ulikwisha kugongwa kabla yake, na kwamba miongoni mwa waliogonga walikuwamo watu wetu, kisha wakachoka. Baadaye Galileo wa Italia, aliyekufa mwaka 1642, aliviringisha mipira ya shaba juu ya ubao ulioinamishwa, akapima wakati kwa maji yanayotiririka, akaona kuwa kama mpira umekwenda kipimo 1 kwa muda mmoja, basi kwa muda wa mara mbili utakuwa umekwenda 4, kwa mara tatu 9, kwa mara nne 16. Uzito wa mpira haukubadilisha jambo. Hapo Aristu alivunjwa kwa ubao na maji.

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza, ikaua watu wengi mno katika London, na Chuo cha Cambridge kikafungwa. Newton akarudi kijijini kwa mama yake, na isipokuwa kwa muda mfupi alikaa huko mpaka mwaka 1667. Alikuwa na miaka 22 alipoondoka. Katika likizo hii ya khofu alianzisha aina mpya ya hisabu ya vitu vinavyobadilika. Akaupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu akaonyesha kuwa mwanga mweupe una rangi nyingi ndani yake. Na akaanza kuufikiri mvuto wa ardhi. Khabari ya tofaa ni ya wakati huo. Yeye mwenyewe aliwasimulia rafiki zake katika uzee wake kuwa kuona tofaa linaanguka ndiko kulikomtia fikira. Kwamba lilimpiga kichwani ni nyongeza ya wapiga porojo.

Swali lake lilikuwa hili. Tofaa huvutwa na ardhi likiwa juu ya mti. Kama mti ungekuwa mrefu kama mlima, lingevutwa pia. Je, mvuto huo una mwisho? Ukifika mpaka kwenye mwezi, kwa nini mwezi hauanguki? Jawabu lake ni ajabu: mwezi waanguka, tena kila sekunde. Mtu akizungusha jiwe kwa teo, jiwe hutaka kwenda moja kwa moja, na kamba ndiyo inayolipinda lizunguke. Kamba ikikatika, jiwe hushika njia iliyonyooka. Mwezi nao ungekwenda moja kwa moja ukapotea mbinguni, lakini kila dakika huvutwa kidogo kuielekea ardhi, na kwa kuwa wenda mbele huku waanguka, matokeo yake ni kuzunguka.

Akaipima fikira hii kwa hisabu. Mwezi uko mbali na kiini cha ardhi kiasi cha mara 60 kuliko sisi tulio juu ya uso wa ardhi. Kama mvuto hupungua kwa mraba wa umbali, basi kule mwezini ni hafifu mara 3,600 kuliko hapa. Jiwe hapa huanguka kama mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi, basi, uanguke mita zile zile 4.9 kwa muda wa dakika nzima. Alipohisabu mara ya kwanza, hisabu ilikaribia lakini haikulingana sawasawa, kwa sababu kipimo cha ukubwa wa ardhi alichokitumia kilikuwa na makosa. Akaiweka karatasi kando, asiseme neno kwa mtu. Kipimo kizuri zaidi kilikuja kutoka Ufaransa miaka michache baadaye. (Wanazuoni wa Khalifa al-Ma'mun walikwisha kuipima ardhi katika jangwa la Sinjar miaka 800 kabla, na al-Biruni akaipima kwa njia nyingine kutoka juu ya mlima. Lakini kipimo kilichofungiwa kabatini hakimfai mwenye kuhisabu.)

Mwaka 1669 alifanywa profesa wa hisabu katika Cambridge, kabla hajatimiza miaka 27. Alitengeneza darubini ya kioo cha kuakisi, na Jamii ya Kifalme ya wanazuoni wa London ikamwingiza katika wanachama wake mwaka 1672. Alipochapisha maneno yake juu ya rangi, bwana Robert Hooke akampinga, naye Newton hakuwa mtu wa kustahimili kupingwa. Alikasirika, akajifungia, akapitisha miaka mingi mbele ya tanuri akichanganya madini kutafuta siri za kimiya. Katika jambo hilo hakuambulia kitu.

Mwezi wa Agosti 1684 alifikiwa na kijana mnajimu, Edmond Halley, aliyemwuliza: sayari ikivutwa na jua kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali, itapita njia ya umbo gani? Newton akamjibu pale pale kuwa ni duara iliyorefuka kama yai, na kwamba amekwisha kulihisabu jambo hilo. Halley akaomba karatasi. Haikuonekana. Newton akaahidi kuiandika tena, na alipoanza kuandika hakuweza kusimama. Kwa muda wa miaka kiasi cha miwili alikula akikumbuka, akalala akichoka. Kitabu kilitoka mwaka 1687 kwa lugha ya Kilatini, na kwa kifupi huitwa Principia. Jamii ya Kifalme haikuwa na fedha za kukichapa, kwani ilikuwa imekwisha kuzimaliza katika kuchapa kitabu kikubwa cha picha za samaki ambacho hakikununuliwa. Halley akatoa gharama kutoka mfukoni mwake; na mshahara wake katika Jamii ile alilipwa kwa nakala za kitabu cha samaki.

Mwanzoni mwa Principia ndipo zilipo zile kanuni tatu. Tuzieleze kwa mambo tunayoyaona hapa, maana wengi huzihifadhi wasizielewe.

Ya kwanza: kitu kilichotulia hukaa katika utulivu wake, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ile ile na kwa njia iliyonyooka, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe. Nahodha anapotua tanga, jahazi halisimami pale pale. Laendelea, na maji ndiyo yanayolizuia kidogo kidogo. Basi likifunga breki ghafla, abiria hutupwa mbele. Hakuna aliyewasukuma, ila miili yao imeshika mwendo uliokuwapo. Aristu aliuona mkokoteni unasimama akadhani kuwa mwendo umekwisha wenyewe. Hakuihisabu kani ya msuguano wa gurudumu na njia, kwa kuwa kani hiyo haionekani kwa macho. Hili ndilo kosa lenyewe lililodumu karne zote zile.

Ya pili: kani ikitiwa juu ya kitu, mwendo wake hubadilika kwa kadiri ya kani, na kwa upande ule ule kani ilikoelekea. Kadiri kitu kilivyo na maada nyingi, ndivyo kilivyo kizito wa kubadilika. Hamali anayesukuma mkokoteni wenye gunia moja na mwenye magunia kumi wanaijua kanuni hii kwa mabega yao. Leo kani hupimwa kwa kipimo kilichopewa jina la bwana huyu: nyutoni 1 ni kani ya kuongeza kasi ya kitu cha kilo 1 kwa mita 1 kwa sekunde, katika kila sekunde. Mkokoteni wa kilo 100 ukisukumwa kwa nyutoni 50, baada ya msuguano kutolewa, kasi yake huongezeka nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde. Na baada ya sekunde 4 utakuwa ukienda mita 2 kwa sekunde. Mwanafunzi na afahamu kwamba kani haitoi kasi. Kani hubadilisha kasi. Mwenye kulishika neno hili moja amepata nusu ya somo.

Na hapa hutokea tafauti ya uzito na maada, ambayo huwachanganya hata baadhi ya walimu. Maada ni kile kilichomo ndani ya kitu. Uzito ni kani ambayo ardhi hukivutia kitu hicho. Jiwe la kilo 6 likipelekwa mwezini, maada yake ni ile ile, lakini uzito wake huwa kiasi cha sehemu moja ya sita. Watu waliokanyaga mwezi mwaka 1969 walirukaruka kwa sababu hiyo. Na kwa nini jiwe zito na jiwe jepesi huanguka pamoja? Kwa kuwa lile zito huvutwa zaidi, lakini pia ni zito zaidi wa kubadilishwa mwendo, na mambo mawili haya huenda sambamba kabisa.

Ya tatu: kitu kikikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa kani sawa kwa upande wa kinyume. Mvuvi mwenye dau haendi kwa kujisukuma mwenyewe. Hulichomeka pondo katika mchanga, huusukuma mchanga nyuma, na mchanga humsukuma yeye na dau lake mbele. Mtoto mwerevu huuliza: kama kani mbili ni sawa na zaelekeana, si zitafutana, pasitoke mwendo? Mtoto huyo asikemewe, swali lake ni zuri. Jawabu ni kuwa kani hizo hazikuwa juu ya kitu kimoja. Moja iko juu ya mchanga, na nyingine iko juu ya dau. Mchanga umeshikamana na ardhi nzima, hauonekani kwenda. Dau ni jepesi juu ya maji, laenda. Roketi zinazopaa nazo hazisukumi hewa kama watu wadhanivyo. Hutupa moshi wake nyuma kwa kasi kubwa, na moshi huzisukuma mbele, hata mahali pasipo hewa.

Katika kitabu cha tatu cha Principia kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa bahari kuliko wote, nalo ni kujaa na kupwa kwa maji. Wazee wetu mabaharia walijua tangu zamani kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu. Walijua pia kuwa maji ya kesho hujaa baadaye kuliko ya leo, kiasi cha dakika 50. Wakati wake waliujua. Sababu yake haikuwa imeelezwa. Galileo mwenyewe alikosea hapa, akadhani kuwa kutikisika kwa ardhi ndiko kunakoyapeleka maji huku na huko, na akawacheka waliosema kuwa ni mwezi.

Newton alisema ni mvuto ule ule wa tofaa. Mwezi huvuta upande wa bahari ulio karibu nao zaidi kuliko unavyokivuta kiini cha ardhi, maji yakainuka; na upande wa pili ulio mbali huuvuta kidogo kuliko kiini, maji ya huko nayo yakawa kama yaliyoachwa nyuma, yakainuka pia. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili kwa siku wala si mara moja. Jua nalo huvuta, lakini athari yake katika bahari haifiki hata nusu ya athari ya mwezi, kwa sababu ya umbali wake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na ardhi, vikasaidiana, likawa bamvua. Mwezi ukiwa nusu, huvuta kwa upande mmoja na jua kwa upande mwingine, yakawa maji mafu. Alikusanya khabari za bandari kutoka kwa mabaharia, hata ya bandari moja ya Tonkin, upande wa Vietnam, ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku, akajaribu kuieleza nayo. Kwa hivyo anayesimama Forodhani akaona ngalawa zimelala juu ya matope anaiona kanuni ya Newton kwa macho yake. Ukitaka kijana aipende fizikia, mpeleke pwani siku ya bamvua, kisha umpeleke tena baada ya siku saba.

Tumesema msomaji alikumbuke jina la Chuo cha Utatu. Sheria ya chuo kile ilimlazimu kila mwanazuoni wake, baada ya muda, awe kasisi wa Kanisa la Uingereza. Newton alijitayarisha kwa kusoma vitabu vya dini kama alivyosoma vya hisabu, yaani kwa kurejea asili. Akazisoma Injili katika Kigiriki, akalinganisha nakala za kale, akasoma historia ya mabaraza ya makasisi. Na kabla hajafika miaka 35 alikwisha kuyakinisha kuwa itikadi ya Utatu haikuwamo katika mafundisho ya kwanza, bali iliingizwa katika karne ya nne, na kwamba kumwabudu Masihi kama Mungu ni shirki.

Basi akawa katika tabu kubwa: kuapa kwa asichokiamini, au kupoteza kazi yake. Mwaka 1675 ilitoka ruhusa ya Mfalme kuwa mwenye cheo chake cha uprofesa halazimiki kuwa kasisi, akaokoka. Mwaka 1690 aliandika risala kubainisha kuwa aya mbili za Injili zinazotegemewa katika jambo hilo zilibadilishwa, akampelekea rafiki yake John Locke ili ichapwe Uholanzi bila ya jina. Kisha akaogopa, akairudisha. Na khofu yake haikuwa ya bure: sheria ya Uingereza ya 1689 iliyotoa uhuru wa ibada iliwatoa wenye kuukanusha Utatu, na mwaka 1697 kijana mwanafunzi, Thomas Aikenhead, alinyongwa mjini Edinburgh kwa maneno ya namna hiyo.

Hapa tunapenda kutahadharisha. Newton hakuwa Mwislamu, wala hatutaki mtu ayachukue maneno yetu akatangaze barazani kuwa alisilimu kwa siri. Aliishi na kufa katika imani yake ya Kimasihi kama alivyoifahamu. Lakini katika chapa ya pili ya Principia, mwaka 1713, aliongeza kurasa za mwisho kueleza kuwa nidhamu hii ya jua na sayari haiwezi kuwa imetokea ila kwa tadbiri ya Mwenye akili na uwezo, Mmoja, Mwenye kutawala vyote. Na mwenye kuzisoma kurasa zile kwa kujua siri yake huona kwa nini hakutaja watatu.

Waandishi wamekhitalifiana juu ya kunyamaza kwake. Aliyemrithi katika uprofesa, William Whiston, alikuwa na itikadi hiyo hiyo, akaisema hadharani, na mwaka 1710 akafukuzwa chuoni. Newton hakumtetea hadharani. Sisi twaona ni vigumu kumlaumu mtu aliyekuwa chini ya sheria kama ile; lakini kumsifu kwa jambo hili ni vigumu zaidi. Mtu ambaye hakumwogopa Aristu aliwaogopa maaskofu.

Umri wake wa mwisho ulikuwa wa cheo. Mwaka 1696 alipewa kazi katika nyumba ya kupigia sarafu London, akaifanya kwa ukali, akawasaka wenye kughushi fedha hata wengine wakanyongwa. Mwaka 1703 akawa rais wa Jamii ya Kifalme, na 1705 Malkia Anne akampa daraja ya Sir. Aligombana na Leibniz wa Ujerumani juu ya nani aliyeitangulia ile hisabu mpya. Jamii ya Kifalme ilipounda kamati mwaka 1712 ya kuhukumu, Newton, aliyekuwa mmoja wa wagombanao, ndiye aliyeiandika hukumu kwa siri. Leo yajulikana kuwa kila mmoja wao aliipata kwa akili yake. Mwaka 1720 aliingia katika kununua hisa za kampuni ya Bahari ya Kusini wakati watu wote walipopata wazimu wa hisa hizo, akapoteza mali nyingi. Aliyehisabu mwendo wa mwezi hakuweza kuhisabu bei ya soko. Hakuoa maisha yake yote.

Kanuni zake zilitawala peke yake kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kuwa mvuto waweza kufahamika kwa njia nyingine, na kwamba karibu na jua au kwa kasi kubwa mno hisabu ya Newton hupotoka kidogo. Hata hivyo mwenye kujenga daraja, au mwenye kurusha roketi, au mwenye kutayarisha jedwali la maji ya bandari, bado huanzia pale alipoanzia Newton.

Alikufa tarehe 20 Machi 1727 kwa kalenda yao, umri wake miaka 84. Katika maradhi yake ya mwisho alikataa kuletewa sakramenti ya kanisa. Akazikwa pamoja na wafalme katika kanisa la Westminster, kwa ibada ya kanisa lile lile. Daktari mmoja aliyepewa kazi ya kuzipitia karatasi zake alizitia alama nyingi kuwa hazifai kuchapwa, zikarudishwa sandukuni. Ile risala ya aya mbili ilichapwa mwaka 1754. Karatasi nyingine za dini, maelfu ya kurasa kwa mkono wake, zilibaki kwa jamaa za mpwa wake mpaka zilipouzwa kwa mnada London mwaka 1936. Nyingi zilinunuliwa na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa al-Quds na kusomesha Kiarabu, Abraham Yahuda, na sasa ziko al-Quds, katika maktaba.